Safari ya Kampala na Watoto: Panga Kurudi Kabla ya Kwenda

Mwezi huu kamati ya jarida imenipa ukurasa huu niandike juu ya jambo ambalo kila likizo linatusumbua sisi walimu, na ninyi wazazi wa Nakivale pia: safari ya kwenda Kampala pamoja na watoto.

Sababu za kwenda ziko nyingi. Kuna mwenye mtoto aliyepewa transferi ya Mulago. Kuna mwenye dada yake Katwe au Nsambya ambaye hajamwona tangu walipotengana njiani. Kuna harusi, kuna matanga. Na kuna wale ambao wanataka tu watoto waone mji. Hao wa mwisho watu wanawachekaka, lakini mimi siwacheki. Mtoto aliyezaliwa hapa na kukulia hapa, ghorofa anaijua ya kwenye kitabu. Ukimwambia achore mji, anachora nyumba zetu hizi hizi za udongo, anaziongeza tu zinakuwa nyingi.

Lakini tukumbuke kwamba Kampala ni mji wa ugenini. Si Bukavu wala Uvira, ambapo ukikwama unamkuta mtu anayemjua mjomba wako. Ni mji wa watu zaidi ya milioni moja na nusu, na lugha yake ni nyingine, na mtu akiwa na haraka hakungojei. Baba akienda peke yake akalala stendi, ni shida ya usiku mmoja. Mama akiwa na watoto wanne pale stendi, ni jambo lingine kabisa.

Hesabu inaanzia mwisho

Wengi wetu tunahesabu nauli ya kwenda. Ya kurudi tunasema, "Tutaipata huko huko." Huko huko ni kwa nani? Yule ndugu wa Katwe anakaa chumba kimoja na anauza vitenge vya kutembeza. Yeye mwenyewe anasubiri siku iishe ajue kama atakula.

Kwa hiyo nashauri hivi: pesa ya kurudi iwe ya kwanza kupatikana, na iwe ya watu wote, kuanzia viti vya basi kutoka Kampala mpaka Mbarara hadi gari la kutoka Mbarara kuja hapa. Ifungwe mbali na pesa ya matumizi. Mama mmoja wa kijiji chetu aliishona ndani ya pindo la kitenge, akasema, "Hii si yangu, ni ya basi." Ndiyo maana alirudi siku aliyosema.

Ukishaiweka hiyo, ndipo uangalie inayobaki na uamue watoto wangapi waende. Hapa ndipo pagumu. Mtoto mdogo wa kupakata kwa kawaida halipiwi kiti. Mkubwa analipa kama wewe. Wa katikati, wa miaka minne au mitano, mnapatana na kondakta, na mpatane kabla ya kupanda, si mkishafika Lukaya. Tena nauli haisimami mahali pamoja. Krismasi, Pasaka, na wiki ya kufungua shule inapanda sana, na waliokwenda kwa bei ya kawaida wanakutana na bei ya sikukuu wakati wa kurudi. Ukiweza, rudi siku nne au tano kabla ya wengine.

Nitawapa mfano, bila jina, kwa sababu familia yenyewe ni ya hapa. Mama alikwenda Kampala mwezi wa kumi na mbili na watoto wanne, kwa ajili ya matanga. Nauli ya kwenda alikopa, ya kurudi hakuwa nayo. Matanga yakaisha, wiki mbili zikapita, mwezi ukapita. Shule zikafunguliwa. Binti yake mkubwa alikuwa anaingia darasa la saba kwangu, na alikuwa wa tatu katika mtihani wa mwisho wa la sita. Ili wapate nauli, huyo binti akapelekwa kuosha vyombo kwenye hoteli ndogo. Wadogo walirudi na mama mwezi wa tatu. Binti akabaki "amalizie kidogo". Alirudi mwezi wa nane. Wenzake walikuwa wameshaandikishwa kwa mtihani wa taifa, jina lake halimo. Mwaka huu yuko tena la saba, amekaa nyuma, na wale alioanza nao wako sekondari. Mama yake ni mama mzuri, simlaumu. Ilikuwa nauli ya watu watano tu.

Nani aende, nani abaki

Kama safari ni ya hospitali, jibu ni fupi: aende mgonjwa na mtu mmoja wa kumwangalia. Ukipitia njia ya kawaida, kituo cha afya cha hapa kinakutuma Rwekubo au Mbarara, na Mbarara ikishindwa ndiyo inakutuma Mulago. Usiruke ngazi. Ukifika Mulago bila barua utapanga mstari na mji mzima. Uliza pia kama kuna gari la kukupeleka, na linabeba watu wangapi. Hospitali ya serikali inakupa daktari na kitanda, lakini beseni, shuka, sabuni, chakula, na mara nyingi dawa nyingine, ni juu yako. Mama anayemwangalia mgonjwa usiku na huku anakimbiza watoto wengine wawili kwenye korido, hawezi kusikia vizuri daktari anasema nini. Na maneno ya daktari ndiyo ulifuata.

Wanaobaki nao wanahitaji mpango. Mmoja aliniuliza, "Mwalimu, nitawaachaka na nani? Jirani naye ana saba." Ni kweli. Tangu 2023, walipotugawa katika makundi ya msaada wa chakula, na zaidi tangu 2025, wengi walipotolewa kabisa kwenye orodha, hakuna nyumba yenye sahani ya ziada. Basi usimwachie jirani mtoto bila unga. Mwachie mtoto pamoja na unga wake, maharage yake, na tarehe ya kurudi iliyoandikwa. Na kama familia yako bado inapokea, uliza mapema kwa wanaogawa: siku ya kupokea ikikukuta Kampala, mtu mwingine anaweza kukupokelea au hapana? Usitegemee maneno ya kisimani.

Jambo la uhakiki ni zito kuliko chakula. Mnakumbuka 2018, tulipopimwa alama za vidole na macho, wale waliokuwa safarini walivyohangaika baadaye kurudisha majina yao. Kabla ya kuondoka pita kwa mwenyekiti wa RWC umuulize kama kuna zoezi lolote linakuja. Kuahirisha safari wiki moja ni rahisi kuliko kufuatilia jina la mtoto miezi sita.

Karatasi

Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatupa haki ya kutembea ndani ya nchi. Wengine wakisikia hivyo wanaondoka bila karatasi. Haki unayo, lakini askari wa barabarani usiku haanzi na sheria, anaanza na "kitambulisho kiko wapi?" Kwa hiyo pita ofisi ya OPM uchukue ruhusa ya safari, ubebe kadi yako, na karatasi ya familia ile yenye picha zetu sote. Toa kopi mbili: moja ibaki nyumbani kwa mtu unayemwamini, nyingine ikae kwenye mfuko mwingine, si pamoja na ile yenyewe. Mwizi wa Kampala akichukua mkoba anachukua vyote.

Kama mtoto anasafiri na mama mdogo, au bibi, au jirani, hapo pana hatari ambayo watu hawaioni. Uganda ina sheria ya mwaka 2009 ya kuzuia biashara ya binadamu, na polisi wana haki ya kumsimamisha mtu mzima aliye na mtoto ambaye si wake. Andika barua: jina la mtoto, jina la mzazi, jina la anayemsindikiza, wanakwenda wapi, watarudi lini, simu ya mzazi. Mwenyekiti agonge muhuri. Na ninyi wazazi, barua hiyo iwe ya mtu mnayemjua kwelikweli. Mtu akija hapa na kusema, "Nipe binti nimpeleke Kampala, nimtafutie shule," bila anwani na bila ndugu yake unayemjua, hiyo si safari ya mtoto. Mpe chai, mwambie aende salama.

Barabarani

Kutoka hapa kuelekea Mbarara kuna vumbi na mashimo, na mvua ikinyesha kuna matope. Mtoto anayetapika atatapika hapo. Asubuhi mpe chai ya tangawizi na kipande cha muhogo au mkate mkavu, usimpe maziwa wala avokado. Beba makavera matatu au manne mkononi, si ndani ya begi lililo juu ya gari.

Mbarara mpaka Kampala ni karibu kilomita 270, mnapita Lyantonde, Masaka, Lukaya, Mpigi. Panda basi la asubuhi ili mfike jua likiwa bado lipo. Ukichelewa ukaona utafika usiku, bora ulale Mbarara kuliko kushuka na watoto wenye usingizi katikati ya mji saa nne za usiku. Tena usipange siku ya kufika iwe ndiyo siku ya miadi. Mwezi wa tano 2023 maji yalivunja daraja la Katonga kwenye barabara hiyo, mabasi yakazunguka njia ndefu. Weka siku moja ya akiba.

Lukaya basi linasimama kidogo, na wauzaji wanakimbilia madirishani na kuku wa kuchoma, ndizi za kuchoma, maji na soda. Watoto watalia wote kwa pamoja. Ukiwa na chapati na viazi ulivyopika nyumbani, utawanunulia ndizi moja ya kugawana wakaridhika. Usimwachie mtoto ashuke chooni peke yake, hata awe na miaka kumi. Basi haliiti majina.

Ukipita Lukaya, mkifika Kayabwe, kama kilomita 70 kabla ya Kampala, waamshe watoto. Hapo ndipo mstari wa ikweta unapita, kuna duara mbili nyeupe kando ya barabara, moja huku na nyingine kule. Nimefundisha ikweta miaka mitatu kwa chaki. Mtoto aliyeiona kwa dirisha la basi ndiye anayewaeleza wenzake kuliko mimi.

Mtoto ajue yeye ni nani

Hili nataka tukae nalo, kwa sababu ndilo tunaloliona darasani.

Muhula uliopita niliwapa watoto wa darasa la tatu kazi ndogo: kila mmoja aseme jina lake lote, jina la baba, jina la mama, kijiji, na namba ya simu ya nyumbani. Hawakufika nusu walioweza. Msichana mmoja nilimuuliza, "Mama yako anaitwa nani?" Akajibu, "Mama Furaha." Nikauliza, "Na Furaha ni nani?" "Ni mimi." "Hana jina lingine?" Akafikiri sana. "Baba anamwitaka 'weye'."

Tulicheka darasa zima, na yeye akacheka. Lakini mtoto huyo akipotea kwenye paki ya taksi ya Kampala, polisi atamtafuta nani? Mama Furaha ni wengi kama mchanga. Na akisema anatoka "Kijiji C", kijiji C cha wapi?

Kwa hiyo wiki mbili kabla ya safari, kila jioni mkikaa motoni, mfundishe kama wimbo. Jina langu ni hili, baba yangu ni fulani, mama yangu ni fulani, tunakaa Nakivale, Rubondo, kijiji hiki, simu ni hii. Namba ya simu mtoto anaishika haraka akiimba. Mdogo asiyeweza, mwandikie kwenye kikaratasi, ukifunge kwenye kavera, ukishone ndani ya mfuko au ndani ya kola. Ndani, si nje. Jina likiandikwa nje, mtu mbaya anaweza kumwita mtoto kwa jina lake, na mtoto atafikiri anajulikana.

Mfundishe pia la kufanya. Akiona mama hayuko, asimame pale pale, asitembee kutafuta. Sisi wakubwa tutarudi njia tuliyopita. Akichoka kusubiri, amwendee mama mwenye mtoto mgongoni, au polisi mwenye sare. Na wewe mzazi ujue namba 116. Ni ya bure, ni simu ya kusaidia watoto katika Uganda nzima. Kila kituo kikubwa cha polisi kina dawati la watoto na familia, omba hilo usizunguke.

Mabasi mengi yanakuteremsha karibu na Kisenyi, na kutoka hapo mpaka kwenye paki za taksi ni msongamano ambao hata mimi kijana unanitisha. Kumbuka taksi ya Kampala ni ile gari dogo nyeupe ya abiria kumi na wanne. Tembeeni kwa mpango: mdogo mgongoni, wa pili mkononi, mkubwa nyuma kabisa na mzigo mwepesi, akiwaangalia wadogo. Mzigo mzito hauwi wa mtoto. Boda usipande na watoto watatu. Najua wanapanda, nimeona hata wanne, lakini zile ajali zinazoingia Mulago kila siku nazo nimeziona nilipompeleka kaka yangu. Lipa taksi.

Lugha inasumbua kidogo tu. Serikali ilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi wa saba 2022, lakini sokoni bado ni Kiganda, na wazee wengine Kiswahili wanakisikia kama lugha ya askari wa zamani. Mkisalimia "ssebo" kwa mwanaume na "nnyabo" kwa mwanamke, uso wa mtu unafunguka. "Ssente mmeka?" ni kuuliza bei. Na kwenye taksi ukitaka kushuka sema "maaso awo", la sivyo utapitishwa vituo viwili. Watoto wanashika maneno haya kuliko sisi, waachieni wawe wakalimani.

Mkifika kwa mwenyeji

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kampala jembe hakuna, lakini maana iko pale pale. Mpigie mwenyeji simu kabla, mwambie mko wangapi na mtakaa siku ngapi, ukweli wote. Usimwambie wawili ukatokea na watano mlangoni. Beba unga, maharage na mkaa kidogo ukiweza. Watoto waelezwe kabisa kwamba choo ni cha wapangaji wengi, maji yanalipiwa kwa mtungi, na kelele usiku zinaleta mwenye nyumba. Uliza pia habari za magonjwa. Mwanzo wa 2025 Ebola iliingia Kampala ikaisha mwezi wa nne, na waliopiga simu kwanza walibadilisha tarehe.

Ikibaki siku moja na pesa kidogo, usiwazungushe watoto madukani kuangalia vitu ambavyo hamtanunua, hiyo ni kuwaumiza. Wapeleke Jumba la Makumbusho la Uganda, barabara ya Kira. Lilianzishwa 1908. Ndani kuna ngoma na vinanda vya makabila, na uani kuna nyumba za asili za kila namna. Kiingilio uliza mlangoni kabla hamjapanga mstari. Au simameni Old Kampala mtazame mnara wa msikiti mkubwa; ngazi zake ni 304, na hata bila kupanda, mtoto akiambiwa idadi hiyo atabaki ameangalia juu. Na wale ndege wakubwa wenye upara na kifuko shingoni, wanaokaa juu ya takataka, Waganda wanawaita kalooli. Hawali watoto. Naandika hivyo kwa sababu mwanafunzi wangu mmoja alirudi ameshaeneza habari hiyo shule nzima.

Wenye safari likizo hii, mwalimu wa darasa aambiwe mtoto anaondoka lini na anarudi lini, aandike kwenye daftari. Na kama unahitaji barua ya mtoto au vile vikaratasi vya mfukoni, mimi na wenzangu wawili tuko shuleni Jumatatu mpaka Alhamisi, baada ya saa kumi jioni. Njoo na kadi yako na majina ya watoto yote matatu matatu. Kuandika ni bure, kalamu tunayo, kavera uje nayo mwenyewe.